"Wewe mweusi, huungui"

Kliniki hii ya tiba ya mwanga nawapa nyota moja, tena hiyo ni ya taa, si ya watu.

Ni tiba ya soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta magamba, kwa mionzi ya UVB (aina ya urujuanimno) ya nanomita 311, mara tatu kwa wiki. Kabla hujaingia kwenye kabati la taa, mhudumu anapaswa kuuliza ngozi imekuwaje tangu mara ya mwisho. Huyu alinitupia jicho mgongoni, akasema haoni wekundu, akapandisha dozi. Nikamwambia mgongo unawaka. Jibu: "Wewe mweusi, huungui."

Uongo mtupu! Tunaungua, ila ngozi nyeusi haikuonyeshi wekundu anaousubiri. Hukolea weusi au hupiga zambarau, na pengine jicho halioni chochote. Weka mgongo wa kiganja: utasikia joto, ngozi imevutika, shati likigusa linauma. Hali hiyo hufikia kilele saa 12 hadi 24 baada ya mwanga, ndiyo maana ni lazima mtu aulizwe alilalaje. Kama bado inauma, siku hiyo hupigwi mwanga. Ikipoa, unaanza tena na dozi ndogo, kisha inapandishwa asilimia 10 hadi 20 kwa mara.

Nilikaa kuandika "msiende kabisa", lakini nitakuwa namdhulumu mwenye magamba mwili mzima. Tiba inafanya kazi. Wengi huhitaji vipindi 20 hadi 30. Viwiko na magoti huchelewa. Basi nendeni, ila msinyamaze. Dawa ya kupaka yenye asidi ya salisiliki ipakwe baada ya mwanga, maana hunyonya mionzi. Vaa chupi ya mkato uleule kila mara: ngozi iliyokuwa imefichwa ukiifunua wiki ya sita, inapokea dozi kubwa bila kuzoeshwa. Na uliza kama taa zimebadilishwa. Taa mpya zina nguvu kuliko zilizochoka, kwa hiyo sekunde zilezile za juzi zinaweza kukubabua, kama hawajapima upya.

Halafu madoa. Soriasisi ikipona kwenye ngozi nyeusi huacha alama nyeusi au nyeupe kwa miezi. Fumba macho, pitisha kidole: kama ni laini, hakuna mwinuko wala gamba, ugonjwa umeondoka hapo. Yule mhudumu hakugusa. Alihesabu madoa kwa macho, akaniandikia vipindi 10 vingine.