Begi la Nyuzi za Bangi ya Himalaya: Miezi Minne Mgongoni, Kisumu

Oyawore watu wangu, karibuni tena. Kabla hujaniandikia kwamba nimebeba bangi mgongoni: ndiyo, nimebeba. Begi hili limefumwa kwa nyuzi za mmea uleule, bangi, njaga, uite unavyouita nyumbani kwenu. Limetoka Nepal, nililinunua mtandaoni kwa shilingi 3,400, na nimezunguka nalo mji huu miezi minne, jua na mvua. Leo hatuvuti kitu. Tunapima begi.

Nianze na kitambaa, maana ndicho kilichonitoa pesa. Ngoja nilisogeze kwenye kamera. Mnaona uzi haulingani? Hapa mnene, hapa mwembamba, hapa kuna kifundo. Huu umesokotwa kwa mkono, na mbegu yake ni ya kienyeji, si ya maabara. Mtu anavuna, anaweka akiba ya mbegu, mwaka ujao anapanda zilezile, na wajukuu wake vilevile, mpaka mmea unauzoea mlima. Kule magharibi mwa Nepal, pande za Rolpa na Rukum, bangi hii inaenda juu mita tatu na kupita, shina limenyooka, majani membamba. Urefu ndio mali yenyewe, kwa sababu nyuzi zimo kwenye gome, kuanzia chini hadi kileleni. Wanakata shina, wanaliloweka mpaka gome liachie, wanalibambua, wanalichemsha na majivu lilainike, ndipo wanasokota. Aliyewahi kufanya kazi ya mkonge ananielewa, ila mkonge unaficha nyuzi zake kwenye jani.

Tena mmea huu una dume na jike. Nyuzi laini ni za dume. Jike linaachwa likomae, litoe mbegu, na mbegu hizo watu wa milimani wanakula! Wanazikaanga, wanazisaga na pilipili na ndimu, inakuwa chatini. Hailevyi mtu, kwa sababu ulevi unakaa kwenye utomvu wa maua ya jike.

Sasa twende kwenye lebo, hapo ndipo nilikasirika. Lebo ilikuwa na jani pana, nono, na maneno makubwa: Hindu Kush. Jamani! Hindu Kush ni milima mingine kabisa, ya Afghanistan na Pakistan. Bangi ya kienyeji ya huko ni fupi, imejaa kama kichaka, majani mapana ya kijani kilichokolea, utomvu tele. Wenyewe wanaikausha na kuichekecha wapate hashishi. Shina fupi kama lile utasokota nini, kamba ya mbuzi? Lakini vijana wa Ulaya na Marekani waliopita njia hiyo miaka ya 1960 na 1970 waliondoka na mbegu zake, jina likavuma, na sasa muuzaji yeyote akitaka kuongeza bei analibandika. Nepal nako walikuwa wakipita haohao, mpaka serikali ikafunga maduka ya bangi mwaka 1973.

Na jani hilo lilinipa taabu. Jioni moja stendi ya matatu, askari akaliona, akaniita pembeni, akainamisha pua ndani ya begi. Akakutana na omena kilo mbili. Akanirudishia bila neno. Kufika nyumbani nikaichana lebo kwa wembe.

Najua kuna mtu ameshaanza kuuliza kama mbegu za kule Nepal zingekubali hapa kwetu. Kwanza, sheria yetu ya 1994 inakataza kuupanda mmea huu, kwa hiyo usinitafutie kesi. Pili, hata bila sheria, ungelia. Bangi ya huko inapima urefu wa usiku. Nepal mwezi wa Juni mchana unakaribia saa 14, kwa hiyo mmea unarefuka tu. Usiku ukianza kurefuka ndipo unapata habari kwamba baridi inakuja, unatoa maua. Sasa uchukue uupeleke Maseno, pale penye alama ya ikweta. Mchana saa 12, usiku saa 12, Januari mpaka Desemba. Ungeukuta usiku mrefu tangu unachipua, ungechanua mapema ukiwa bado mfupi, na uzi usipate. Bangi ya kienyeji ya ikweta imezoea siku zetu hizi, ndiyo maana inaweza kurefuka bila haraka.

Haya, majaribio. Nilichomoa uzi mmoja wa nje nikauwasha kiberiti: uliwaka kama karatasi, ukabaki majivu. Nikachomoa wa bitana: ukayeyuka, ukawa kidonge cheusi kigumu, hiki hapa. Plastiki. Na tangazo lilisema nyuzi za mmea asilimia 100. Kuwaka tu hakuthibitishi ni bangi, hata gunia la juti linawaka hivyohivyo, lakini bitana imejishtaki yenyewe.

Uzito: unga kilo nane na sukari kilo nne, kutoka Kibuye hadi Kondele kwa miguu. Kitambaa hakikutetereka. Mkanda ndio ulioachia wiki ya tatu, kwa sababu walishonea uzi mwembamba, na fundi viatu akanitoza 100 kuurudishia. Mvua ya jioni ikilipata linakuwa zito kama mtoto aliyelala, na kukauka ni siku mbili. Ila limelainika vizuri, siku za kwanza lilikuwa likinikwaruza shingo.

Kwa 2,000 ningelinunua tena leo. Kwa 3,400, hapana, labda walishone upya na waweke zipu ya maana, kwa sababu hii, angalieni... imekwama tena. Na simu yangu imo ndani. Subirini kidogo.