Pauni 7,500 za kuachana na boila ya gesi: tathmini baada ya baridi moja

Boila yetu ya gesi, yaani mtambo unaochemsha maji ya kupasha nyumba joto, hapa Leicester, Uingereza, ilipoanza kuzimika kila usiku wa baridi kali, tuliamua kutonunua nyingine, bali kuomba ruzuku ya serikali iitwayo Boiler Upgrade Scheme. Mpango huo, ulioanza mwaka 2022 kwa ajili ya England na Wales na unaosimamiwa na Ofgem, mamlaka ya udhibiti wa umeme na gesi, hutoa pauni 7,500 kwa anayeweka pampu ya joto inayovuta joto la hewa ya nje kwa nguvu ya umeme na kulitumia kupasha maji ya nyumba. Kabla ya Oktoba 2023 kiwango kilikuwa pauni 5,000.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba mwenye nyumba hazungushwi. Maombi hupelekwa na fundi mwenye cheti cha MCS, yaani cha ubora wa ufungaji wa mitambo ya aina hii, Ofgem humwandikia mwenye nyumba ili athibitishe kuwa ameridhia, na ruzuku hukatwa kwenye bei, kwa hiyo hulazimiki kutanguliza fedha zote na kungoja kurudishiwa. Bei ya pauni 13,400 ikatubakia 5,900, ambazo nazo si fedha za kuokota.

Kazi kubwa ni kumpata fundi. Kampuni ya kwanza, ambayo sitaitaja, ilitupa bei kwa simu bila mtu wake hata mmoja kukanyaga kwetu, ilhali pampu ya joto huzungusha maji ya nyuzi 45 hivi, yaliyo baridi kuliko yale ya boila, na chumba chenye redieta ndogo (bamba la ukutani linalopitisha maji hayo) hakiwezi kupata joto la kutosha. Fundi wa pili alikaa saa tatu, akapima kila dirisha, akakunja zulia la ukumbini na kutuonyesha mabomba membamba kama kidole cha mtoto, ambayo alisema lazima yabadilishwe. Tukamchukua huyo.

Nyumba sasa ina joto tulivu usiku na mchana, lakini asitarajie mtu kwamba bili itaporomoka. Uniti ya umeme hapa huuzwa karibu mara nne ya bei ya uniti ya gesi, na pampu nzuri hutoa uniti tatu hivi za joto kwa kila uniti ya umeme inayokula, kwa hiyo faida yote humezwa na bei. Serikali imelipia mashine ikauacha mzigo huo kwa mlaji, na ndiyo sababu naupa mpango huu nyota nne badala ya tano.

Tulikata gesi kabisa ili tusiendelee kulipa ada yake ya kila siku, na hapo ndipo likazuka suala la jiko, ambalo ruzuku hailigusi. Tulinunua kwa fedha zetu jiko la induksheni, la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, na jioni ya kwanza tukagundua kwamba sufuria zote za alumini tulizokuja nazo kutoka Mombasa hazishiki moto juu yake. Kilichokubali ni chuma cha chapati tu.