Seti ya kutoa RNA: nzuri kwa mRNA, lakini mikroRNA inazimwaga

Nimemaliza maboksi matano ya seti hii, kila boksi sampuli 50. Maabara yetu inachunguza jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa kwenye ini lenye mafuta. Mimi ndiye mtoa RNA: mRNA, inayobeba maelekezo ya jeni ya kutengeneza protini, na mikroRNA, vipande vifupi vinavyodhibiti hizo mRNA.

Kwanza niipe haki yake: ina kasi. Zamani nilitumia fenoli na klorofomu, kutwa nzima mbele ya kabati la kuvuta mvuke, halafu mwishoni donge la RNA halionekani na unalimwaga pamoja na alkoholi. Hapa unasaga tishu kwenye bafa, unatia ethanoli, unamimina kwenye kichujio cha silika, unazungusha, unaosha, unachukua RNA yako kwa maikrolita 30 za maji. Sampuli 12 nazimaliza kwa saa moja na ushee, pamoja na zile dakika 15 za DNase, kimeng'enya cha kuondoa DNA. (Msiziruke. Niliziruka siku moja, na sampuli ya udhibiti isiyotiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA ikapanda kwenye qPCR (kipimo cha kuhesabu nakala, mzunguko kwa mzunguko) kama zile halali, kwa sababu ya DNA iliyobaki.) Uwiano wa 260/280, kipimo cha usafi kwa mwanga unaofyonzwa, hukaa 2.0 hadi 2.1. Wa 260/230 ndio msumbufu, maana chumvi ya guanidini iliyomo kwenye bafa hung'ang'ania. Mimi naosha mara mbili.

Bafa ya kuosha huja bila ethanoli, unaongeza mwenyewe. Kijisanduku cha kuweka alama kwamba umeshaongeza ni kama punje ya mchele. Mwenzangu alifungua chupa mpya, hakukiona, akaosha hivyo hivyo, RNA yote ikaondoka na maji. Sampuli nane, kazi ya wiki tatu. Siku hizi tunaandika juu ya kifuniko kwa kalamu nyekundu.

Lililonikera hasa ni maneno "RNA yote" yaliyoandikwa juu ya boksi. Tulitaka kupima miR-122, mikroRNA ambayo ini limejaa tele, ikajitokeza kwenye mzunguko wa 34 huko wa qPCR, yaani kidogo mno. Kwenye ini! Nikalaumu praima (vipande vya DNA vya kuanzishia qPCR), nikalaumu mashine, nikaagiza praima nyingine. Jibu nililikuta nyuma ya kijitabu cha maelekezo, kwa herufi za sisimizi: kichujio hushika RNA zenye nyukliotidi 200 na zaidi. MikroRNA ina kama 22. Miezi miwili nilikuwa nazimwaga kwa mkono wangu, hizo hizo zinazozuia mRNA isitengeneze protini, ambazo ugunduzi wake uliwapa Ambros na Ruvkun tuzo ya Nobel mwaka 2024. Wangeandika "RNA ndefu" tu, nani angelalamika?

Jambo jingine: majimaji ya taka yake yasikutane na klorini kabisa. Klorini ikichanganyika na guanidini iliyomo hutoa gesi ya sumu. Onyo hilo nalo liko huko huko kwa sisimizi.

Kwa mRNA, nyota 4. Kwa mikroRNA, 1. Boksi la sita tumeshaagiza, ila sampuli za miR-122 tumezihamishia seti nyingine.