Banda la video Ngamiani: usiku linaona, mchana halioni

Mabanda ya video hapa Tanga yanaishi kwa mpira wa miguu. Hili la Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, limejipangia ratiba ya peke yake: filamu kila usiku kuanzia saa tatu, Bunge Alhamisi asubuhi likiwa na kikao, na Jumamosi saa nne asubuhi marudio ya magongo ya barafu kutoka Marekani na Kanada. Kiingilio shilingi 500, siku ya Simba na Yanga 1,000. Projekta ni moja, spika ni zilezile mbili, lakini huduma tatu zimetoka tofauti kama mbingu na ardhi.

Vipimo kwanza. Banda ni kama mita 6 kwa 9, kuta za mbao, paa la mabati. Pazia jeupe lina upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.35. Projekta imefungwa mita 3.6 kutoka kwenye pazia, na ni ya taa, lumeni 3,000 (kipimo cha mwanga inaoutoa). Si zile ndogo za LED ambazo boksi linasema 9,000 na ukiiwasha unapata mwanga wa kandili. Hapo mwenye banda hakuibiwa. Ila taa ya projekta huzeeka: kadiri saa zake zinavyokwenda, mwanga hushuka hadi nusu, na hii ya hapa haionekani kuwa changa.

Kwenye filamu sina ugomvi nao. Projekta haina rangi nyeusi. Inachoweza ni kurusha mwanga au kutorusha, na ile nyeusi unayoiona ni pazia lenyewe pale ambapo mwanga haukutupwa. Saa tatu usiku, taa zikizimwa na mlango ukifungwa, pazia linakuwa jeusi kweli. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ambayo vichochoro na vyumba vyake vya mwanga hafifu hupotea kwenye televisheni za mchana, hapa inasomeka mpaka jicho la mtu. Filamu yenyewe, ya mwaka 2021, naiweka juu ya nyingi zilizotoka karibuni, ingawa si ya kila mteja wa banda. Inakwenda polepole. Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa, anakutana na Denge na harakati za kumng'oa Mwingereza Zanzibar, na hakuna anayeruka juu ya gari. Riwaya ya Adam Shafi ina nafasi ya kuwajenga wenzake Denge mmoja mmoja. Filamu ya saa moja na nusu hivi haina, ndiyo maana siasa yake inaonekana nyembamba kuliko mapenzi. Lakini Kiswahili chake ni cha pwani, na Tanga hakihitaji mkalimani.

Za kigeni zinakuja zilizotafsiriwa, mtindo wa tangu enzi za mtafsiri Lufufu: sauti ya mtafsiri juu, ya filamu chini. Kwa ngumi na bunduki inatosha. Kwa filamu ya siasa, ambayo ukikosa cheo cha mtu mmoja umekosa kisa kizima, chagua mtafsiri kabla ya kuchagua filamu. Na wazazi waulizie daraja la umri lililotolewa na Bodi ya Filamu, kwa sababu mlangoni hakuna anayeuliza.

Bunge ni habari ya masikio. Spika zimenunuliwa kwa ajili ya mpira na singeli, na besi imefunguliwa mpaka mwisho. Maneno ya binadamu hutambulikana kwa konsonanti, na nguvu kubwa ya konsonanti iko kwenye masafa ya hezi 2,000 hadi 4,000. Besi ikijaa inazifunika, kisha mabati yanarudisha mwangwi, na mheshimiwa anasikika kama yumo ndani ya pipa. Dawa haina gharama: besi ishushwe hadi robo, spika moja izimwe, na ukuta wa nyuma uvishwe mikeka au mablanketi mazee kuvunja mwangwi. Alhamisi wamechagua vizuri, kwa kuwa ndiyo siku ya maswali ya papo kwa hapo kwa Waziri Mkuu, mafupi na yasiyosomwa kwenye karatasi. Hotuba ya bajeti ya Juni wasiirushe yote. Warushe sehemu ya kodi na tozo, inayomgusa mwenye bodaboda na mwenye genge, mengine mtu atayasoma gazetini. Tangu uchaguzi wa Oktoba 2020 karibu viti vyote vya majimbo vimekuwa vya CCM, na kwa mtazamaji ni kama mechi ambayo timu moja imekuja bila ya pili: pasi nzuri, hakuna anayekaba. Wateja wanalijua hilo. Ubishi mkali uko nje kwenye kahawa.

Sasa magongo ya barafu. Ligi ya NHL ina timu 32, na mechi ya saa moja usiku kwa saa za New York huku kwetu ni saa tisa usiku kuanzia Novemba hadi Machi, saa nane wakishasogeza saa zao mbele. Banda haliwezi kukesha, kwa hiyo marudio ni uamuzi sahihi. Kosa ni saa waliyoyapangia. Saa nne asubuhi jua la Tanga limeshapanda, na mabati haya yana matundu ya misumari kila hatua. Nje mwanga mkali hufikia laksi 100,000, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Projekta mpya kabisa kwenye pazia hili haipiti laksi 900 hivi. Tundu moja tu linachora doa kwenye picha. Kwenye filamu doa hilo lingejificha kwenye nguo au majani, lakini uwanja wa barafu ni mweupe wote, kila doa na kila vumbi la pazia liko wazi. Na kile kisahani cha mpira mweusi wanachogombania kinageuka kijivu, kwa sababu pazia halikuachwa kuwa jeusi.

Halafu kuna waya. Kisahani kina kipenyo cha sentimita 7.6 tu. Dekoda hapa imeunganishwa kwa zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, zinazopitisha picha ya kawaida ya mistari 576. Kamera ikionyesha kipande cha uwanja cha mita 25, kisahani kinapata pikseli kama mbili. Mpigo wa kilomita 150 kwa saa unakisogeza zaidi ya mita moja na nusu kati ya picha moja na inayofuata. Mpira wa miguu una sentimita 22, ni mweupe juu ya kijani, ndiyo maana wiki nzima hakuna anayelalamika. Mwenye banda alikwepa HDMI, waya mmoja unaopitisha picha kali zaidi, kwa kuwa waya mrefu wa bei rahisi hukatakata picha. Asirefushe HDMI. Aihamishe dekoda juu karibu na projekta, aunganishe HDMI ya mita moja na nusu, kisha arefushe waya wa dishi, ambao huvumilia umbali bila shida. Marudio yaanze saa moja usiku kabla ya filamu, na matundu yazibwe kwa lami ya mabati.

Ingekuwa hasara kuuacha mchezo huu. Ni wachezaji sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao, vipindi vitatu vya dakika 20, wakibadilishana bila kusimamisha mchezo. Anayefanya rafu ndogo anatolewa dakika mbili na wenzake wanabaki wanne dhidi ya watano, ukiacha makipa. Hapo ndipo pa kukodoa macho. Florida Panthers, timu ya jimbo la minazi na joto kama letu, walitwaa Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, 2024 na tena 2025, mara zote mbili wakiwafunga Edmonton Oilers wa kwenye baridi halisi. Naona waliwashinda kwa kukaba mapema, wakimnyima mpinzani nafasi ya kutoka eneo lake, zaidi ya kwa vipaji. Nasi magongo si mageni kwetu: ya nyasini Tanzania ilicheza Olimpiki ya Moscow 1980, India ikatufunga 18 kwa 0, lakini tulikwenda.

Umeme ukikatika, banda halina UPS, ile betri ya akiba, na taa ya projekta inazimika ikiwa moto bila feni kuipooza. Taa nyingi hufa hivyo kabla ya saa zake. Feni ya watu ni moja, ipo nyuma. Kaa benchi la tatu: la kwanza linavunja shingo, la mwisho husikii kitu kwa mlio wa hiyo feni. Kahawa ya nje ni nzuri kuliko ya ndani, na kashata huwahi kwisha.