Albamu ya kumbukumbu kwa anayeanza: ipi ununue, ipi uiache dukani

Wengi wanaoanza kutengeneza albamu za kumbukumbu hununua kwanza stika, riboni na mikasi ya kukata mawimbi, halafu hela iliyobaki ndiyo inayonunua albamu. Mimi nakushauri ugeuze mpangilio huo. Picha huharibiwa na karatasi mbaya, plastiki mbaya na gundi mbaya, na kwa sisi tunaoishi Pwani, joto na unyevunyevu huharakisha mambo. Mapambo yanaweza kusubiri.

Namba moja kwangu ni faili la ringi la A4, lile la kawaida la ofisini, pamoja na mifuko ya plastiki yenye matundu pembeni. Unabandika picha kwenye karatasi ya manila uliyoikata kwa ukubwa wa A4, kisha unaitumbukiza mfukoni. Ukurasa ukikukataa, unautoa wenyewe bila kugusa mingine. Picha za harusi zikichelewa kutoka kwa mpigapicha, unaziingiza baadaye mahali pake. Kila kitu kinapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ofisi, Kariakoo au mtaani kwako.

Ila chagua mifuko kwa makini. Ifungue pakiti uinuse. Plastiki ya PVC ina harufu kali kama kitambaa kipya cha plastiki cha kufunika meza, ni laini na inanata. Ikikaa na picha huishikilia, na hata wino wa fotokopi huhamia juu yake. Unayoitaka ni polipropilini: haina harufu hiyo, na ukiikunja inapiga kelele ya kukwaruza. Pakiti ikiandikwa "acid free" (haina asidi) na "PVC free" (haina PVC), chukua.

Ya pili ni albamu ya waya yenye kurasa nene nyeusi au za kaki. Hii ndiyo nzuri zaidi kuishika mkononi. Waya unaacha nafasi, kwa hiyo hata ukibandika kipande cha kanga au tiketi nene, kitabu hakivimbi. Kasoro yake ni kwamba ukurasa ukishachanwa haurudi, na kurasa nyeusi zinataka kalamu nyeupe ya jeli, ambayo si kila duka linayo. Kipande cha kanga kifue na kukikausha kwanza, kisije kikamwaga rangi.

Kauntabuku naiweka ya tatu, na kwa watoto ningeipandisha. Ni rahisi na ina jalada gumu. Kabla ya kubandika chochote, kata baadhi ya kurasa kwa kuacha nafasi kati yake, la sivyo mgongo utapasuka kitabu kikijaa. Karatasi zake nyingi hugeuka njano, kwa hiyo humo weka nakala za picha, zile halisi zibaki kwenye bahasha.

Ya nne ni albamu kubwa ya mraba ya inchi 12 kwa 12, ile wanayoipenda sana Wamarekani. Ni imara na inapendeza kweli, lakini karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 tu, haiujazi ukurasa wa sentimita 30. Utajikuta unaagiza karatasi nje kila mara. Isubiri mpaka uwe umemaliza albamu yako ya kwanza.

Ya mwisho usiinunue kabisa: albamu ya kurasa za kunata zenye karatasi ya plastiki juu, zilizojaa makabatini kwa mama zetu. Gundi yake hugeuka njano na picha hugandamana na ukurasa. Kama unayo nyumbani, piga kwanza picha kila ukurasa kwa simu, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno taratibu chini ya picha, ukianzia pembeni. Ikikataa, usiivute.

Kubandika, kona za picha, yaani vipembe vidogo vya kubandika ukurasani ambavyo unachomeka pembe za picha ndani yake, ndizo bora, kwa sababu picha yenyewe haiguswi na gundi. Ukizikosa, tumia gundi ya kijiti. Gundi ya maji hukunjamanisha karatasi, na selotepu hukauka ikaacha doa la kahawia. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini bila kukandamiza. Kama mgongo wake unateleza, andika pembeni yake ukurasani. Majina na tarehe ni muhimu kuliko urembo wote.

Tiketi nyingi za basi na risiti za EFD, zile mashine za risiti za kodi madukani, huchapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia hadi karatasi inabaki nyeupe. Zitoe fotokopi siku hiyohiyo, ubandike nakala. Albamu ikikamilika iweke kabatini ikiwa imesimama, mbali na ukuta wa nje na mbali na jikoni, maana mende hupenda gundi na ukungu hupenda giza lenye unyevu.