"Tishio la sasa hivi" au "hatari inayokua": serikali ikitaka kupiga kwanza, maneno yapi yanabeba?

Huu mjadala hauishi, basi tuchukue Israel 1967, ilipoishambulia Misri, na Marekani 2003, ilipoivamia Iraq. Kisheria "tishio la sasa hivi" lina nguvu zaidi maana linaegemea kujilinda, ibara ya 51 ya Mkataba wa UN, japo ibara yenyewe inaongelea shambulio lililokwishatokea. Juni 5 Israel ilianza kwa kusema Misri ndo imeanza, baadaye ikahamia kwenye kujilinda mapema, ila angalau majeshi ya Misri yalikuwepo kweli Sinai, rasi inayopakana na Israel, na mlango bahari wa Tiran, njia ya meli za Israel kuingia Bahari ya Shamu, Misri ilishaufunga.

Kushawishi raia sasa, hapo "hatari inayokua" inashinda, haihitaji jeshi mpakani, inahitaji hofu tu: 2002 Condoleezza Rice, mshauri wa usalama wa rais wa Marekani, akaongelea wingu la nyuklia, Februari 2003 Colin Powell, waziri wao wa mambo ya nje, akanyanyua kichupa mbele ya Baraza la Usalama kuonyesha kimeta kidogo tu kinatosha kuua, halafu silaha zenyewe za maangamizi walizosema Iraq inazo hazikupatikana na Wairaki walishakufa kwa maelfu, inauma sana.

Kwa hiyo kama unapima uhalali, dai ushahidi wa leo. Kama unataka kuelewa watu walikubalije vita, soma hotuba za miezi ya kabla, uone "huenda" zimejaa kiasi gani.