Taa za mbele kwa safari za usiku Dodoma: anza na kipi, kipi ukiache dukani

Ukitoka Dodoma saa moja usiku kuelekea Singida, ukishaipita Nala taa za mji zinabaki nyuma na unategemea kile gari lako linachoweza kukuonyesha. Humo njiani yumo punda wa mkokoteni, wamo ng'ombe waliochelewa kurudi, imo baiskeli yenye magunia ya mkaa isiyo hata na kiakisi, na lipo lori lililokufa katikati ya njia ambalo tangazo lake ni matawi mawili matatu ya mti. Na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, nayo yanakuja mbele yako na taa zake.

Mimi huenda Manyoni mara mbili kwa mwezi, na kwa miaka kadhaa nimenunua karibu kila kitu kinachouzwa kwa jina la "taa kali". Nilianza na vya mwisho nikamaliza na vya kwanza, kwa hiyo mpangilio huu umenigharimu. Kipimo changu hakikuwa ukali wa taa ukiitazama gari likiwa limepaki. Nilitazama mwanga unaangukia wapi barabarani, na kila shilingi imeniongezea mita ngapi za kuona. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja na nusu kushtuka, umeshatembea mita 33 na hujagusa breki.

1. Kioo cha taa, kabla ya globu

Magari mengi tunayoendesha ni ya Kijapani yaliyotumika, na kioo cha taa zake si kioo, ni plastiki ngumu. Jua la Dodoma linaigeuza rangi ya chai ya rangi, vumbi la kiangazi linaikwangua kama msasa. Globu mpya nyuma ya plastiki ya namna hiyo ni kama kuwasha taa ndani ya chandarua: mwanga upo, ila umetawanyika, na sehemu yake inaishia machoni mwa anayekuja.

Fundi mmoja alinionyesha namna ya kujua kama kinasafishika. Alichovya vidole kwenye kopo la maji, akapaka kioo cha kushoto.

"Tazama, kaka. Kimekuwa cheupe?"

Kilikuwa cheupe kabisa, mpaka globu ya ndani ikaonekana.

"Sasa subiri kikauke."

Kilipokauka, ukungu ukarudi taratibu kuanzia pembeni. "Huo uko juu ya plastiki, unatoka. Ungebaki hata kikiwa na maji, ningekwambia usinipe hela yako." Ukungu usioondoka kwa maji uko ndani, au plastiki yenyewe imeshapasuka vinyufa, na hapo msasa hausaidii.

Kazi yenyewe ni msasa wa maji: namba 800 kama hali ni mbaya, kisha 1500, 2000, 3000, halafu polishi. Rangi ya pembeni ifunikwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Wengi hukosea mwishoni. Msasa umeondoa lile tabaka la kiwandani linalozuia jua, kwa hiyo bila kupuliziwa kliya (rangi angavu ya juu) yenye kinga ya jua, baada ya miezi michache umerudi ulikotoka. Mwulize fundi kabla hajaanza: kliya unapiga? Akisema si lazima, tafuta mwingine. Dawa ya meno inang'arisha kweli, ila ni urembo wa wiki kadhaa.

Chungulia na ndani. Riflekta, ile sehemu inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, ikiwa imeungua au imebanduka, ruka moja kwa moja hadi namba tano. Usijaribu kuifuta kwa kitambaa, tabaka lake hutoka kama unga.

Ukiwa hapo hapo, panga taa. Hili ni bure, na sijui kwa nini watu hulipia vingine vyote kabla yake. Tafuta ukuta na uwanja tambarare, upepo wa matairi uwe sawa, dereva akae kwenye kiti. Pima kimo cha katikati ya globu kutoka chini, kichore ukutani, kisha rudi nyuma mita 10. Mstari wa juu wa dimu (mwanga wa chini wa kupishana) unatakiwa uwe kama sentimita 10 chini ya alama yako, na upande wa kushoto upande kidogo, kwa kuwa huku tunaendesha kushoto. Skrubu za kurekebishia ziko nyuma ya taa. Magari mengi yana pia kitufe cha 0 hadi 3 kwenye dashibodi ambacho wenyewe hawajawahi kukigusa. Niliwahi kurudi kutoka Singida na madumu sita ya mafuta ya alizeti kwenye buti, nikawa napigiwa fulu (mwanga wa mbali) na kila gari hadi Bahi. Nikawatukana wote. Kumbe mkia umekaa chini, pua iko juu, na mimi ndiye niliyekuwa nawachoma macho. Kitufe kingetoka 0 kwenda 2, yakaisha.

2. Waya na rilei

Hiki ndicho kitu nilichokishangaa kuliko vyote, na hakionekani ukilitazama gari.

Globu ya H4, inayotumika kwenye magari mengi madogo, hula wati 55 kwenye dimu na 60 kwenye fulu. Zote mbili zikiwaka dimu zinavuta kama ampea tisa. Kwenye baadhi ya magari umeme wote huo unapita kwenye swichi ya usukani na waya mwembamba uliochoka, ndipo ufike mbele. Fundi umeme wangu aliwasha injini na taa, akaweka mita ya volti kwenye betri: 14.0. Akaihamisha nyuma ya globu: 12.4. Volti moja na nusu hivi zimepotelea njiani.

Utasema volti moja na nusu si kitu. Lakini mwanga wa halojeni, yaani globu ya kawaida yenye kiwaya, hauendi sambamba na volti. Volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Mimi nilikuwa nimepoteza theluthi moja ya mwanga wangu huku globu zikiwa mpya.

Dawa yake ni waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu na betri, rilei mbili, yaani swichi zinazoamshwa na umeme mdogo (moja ya dimu, moja ya fulu), na waya wa ethi uliokwanguliwa ukakaa kwenye chuma safi. Swichi ya zamani inabaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Kuna nyaya zilizokwisha kuunganishwa tayari kwa H4, unachomeka. Gharama yake ni ndogo kuliko LED za bei ya kati. Kama gari lako ni la kisasa na taa zinaongozwa na kompyuta, usimruhusu mtu akate waya. Na kama mita inaonyesha tofauti ya nusu volti tu, huna tatizo, hifadhi hela.

3. Globu za halojeni, za kweli

Halojeni hufifia kidogo kidogo kabla ya kuungua, kwa hiyo ikifa moja badilisha zote mbili. Soma namba iliyoandikwa kwenye globu ya zamani (H4, H7, H11, HB3 au HB4), usiende dukani na jina la gari pekee. Koito na Stanley ni Wajapani wanaotengeneza taa kwa ajili ya viwanda vya magari. Philips na Osram wanajulikana pia, na kwa sababu hiyo hiyo hughushiwa. Boksi lenye herufi zilizofifia na bei ya kutupwa lirudishe kwenye rafu.

Zipo zilizoandikwa asilimia 100 au 150 zaidi. Mwanga wake wa mbali ni bora kweli, ingawa asilimia hiyo inalinganishwa na kiwango cha chini cha kisheria na si globu uliyonayo, na maisha yake ni mafupi. Kwa anayesafiri usiku mara moja moja, sawa. Kwa teksi, hapana.

Za kioo cha bluu ziache. Ile bluu ni kichujio, inakula mwanga ulioulipia. Kelvini zinazoandikwa kwenye boksi ni rangi ya mwanga, si nguvu yake. Na zile za wati 90 na 100 huyeyusha soketi na kuunguza riflekta. Utanunua globu leo, kesho taa nzima. Unapofunga, usishike kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanatengeneza doa la joto na globu inapasuka mapema.

4. Sipoti mbili zinazofuata fulu

Kwa nyanda za Bahi hadi Kintinku, ambako barabara imenyooka, sipoti mbili nzuri (taa za ziada za kumulika mbali) kwenye bampa zinakupa umbali ambao globu yoyote haitakupa. Sharti ni moja: ziunganishwe kwa rilei inayoamshwa na fulu, ili ukishusha dimu nazo zizime zenyewe. Zikiwa na swichi yake peke yake, siku moja utasahau, na barabara zetu zina njia mbili tu. Dereva wa semi asiyeona anakuja upande wako.

Foglaiti ni kitu kingine. Zinamwaga mwanga chini na pembeni, karibu. Zinafaa kwa vumbi na kingo za lami zilizolika, hazifai kwa mbali.

5. Taa nzima ya zenoni kutoka Japani

Kwa mwanga peke yake hii ingekuwa ya kwanza. Bei imeishusha. Baadhi ya Mark X, Harrier na Premio zilitoka kiwandani na zenoni, globu ya gesi isiyo na kiwaya: wati 35 tu, lakini kama lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 3,200, ambapo H7 ya kawaida inatoa 1,500. Kama gari lako lina toleo la namna hiyo, unaweza kununua taa nzima iliyotumika, pamoja na balasti yake, kile kisanduku kinachoipa umeme.

Soma herufi. D2S na D4S ni za projekta (taa yenye lenzi ya duara mbele ya globu), D2R na D4R ni za riflekta, na D2 haiingiliani na D4. Kabla hujalipa, omba iwashwe dakika 10. Zenoni huanza hafifu kisha inakolea, hiyo ni kawaida. Ikielekea rangi ya waridi au zambarau, globu imezeeka. Kagua masikio ya kufungia kama hayajaunganishwa kwa gundi, na ndani kama pana alama ya maji. Balasti inawashia kwa zaidi ya volti 20,000, hivyo fundi wa kubahatisha asiiguse.

Jambo moja wauzaji hawalisemi. Taa ya Japani au Uingereza imetengenezwa kwa ajili ya kuendesha kushoto. Iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto inapandisha mwanga upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja. Huwezi kuirekebisha kwa skrubu. Imulike ukutani, uone inapanda upande gani.

6. Globu za LED ndani ya taa ya halojeni

Hapa ndipo nilipoanzia. Boksi lilisema lumeni 20,000. H4 ya kawaida inatoa kama 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu, kwa hiyo ilitakiwa nicheke pale pale, ila nililipa.

Usiku wa kwanza nilifurahi mpaka Bahi. Lami ilikuwa nyeupe kama sufuria mpya. Baada ya hapo nikaanza kuona kwamba namulika matawi ya mibuyu na nguzo za umeme hadi juu, na mita 20 za mbele yangu zinawaka sana hivi kwamba macho hayakuona tena kilichoko mbali. Mkokoteni wa punda nilikutana nao nikiwa nimeshushwa mwendo na lori lililokuwa linanipigia fulu kwa hasira. Bila lori lile sijui.

Sababu ni kwamba riflekta imechorwa kwa ajili ya kiwaya chembamba kilicho mahali fulani hasa. Vijipande vya LED vikisogea milimita moja au mbili, mwanga unapotea njia. LED nzuri zipo, zenye vijipande vyembamba vilivyokaa palepale pa kiwaya, na kwenye taa ya projekta huwa na adabu zaidi. Pia haziyumbishwi na volti ndogo. Lakini nunua kwa makubaliano: zifungwe, gari likabili ukuta, na mstari wa dimu uwe mkali kama wa halojeni. Ukiona moshi wa mwanga juu ya mstari, zirudi kwenye boksi. Angalia na mgongo wake. Feni ya kupoozea LED ikizuia ule mpira wa nyuma kufunga, vumbi la huku litaingia ndani ya riflekta kabla mvua za Desemba hazijafika.

7. Mwamba wa LED juu ya paa, na zenoni za kubandika kwenye riflekta

Sina mengi. Mwamba wa paani, ile taa ndefu ya LED, unamulika boneti yako mwenyewe, na kwenye vumbi unakujengea ukuta mweupe mbele ya kioo. Zenoni za kubandika zina kasoro zote za LED mbaya, pamoja na balasti inayoning'inia kwa kamba za plastiki.

Kwa sasa IST yangu ina vioo vilivyopigwa kliya, rilei mbili na halojeni za kawaida kabisa. Sipoti nimeziahirisha hadi nimalize kulipia kioo cha mbele, kwa kuwa kile cha zamani kilikuwa na mikwaruzo ya waipa iliyogeuza kila taa inayokuja kuwa nyota. Zile LED bado ziko kwenye boksi lake. Kijana wa bajaji hapa mtaani Kizota ameshaniulizia mara tatu, na bado sijaamua kama nimuuzie, maana nami hurudi nyumbani usiku kwa barabara hiyo hiyo.